Kuweka Injini Kubwa Kwenye Hilux ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gereji yetu iko Iringa, na wateja wetu wengi ni watu wa mizigo: vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, mbao za Mufindi. Wengi wanaendesha Hilux za mwaka 1988 hadi 1997, zile ambazo 4x4 zake zina ekseli nzima mbele na springi badala ya koili. Ni gari gumu, chasisi yake haichoki upesi, ila injini iliyokuja nayo inahema ikipanda mlima Kitonga na mzigo. Ndiyo maana kila wiki mtu anaingia getini na swali lilelile: nifunge injini gani kubwa?

Majibu yaliyo hapa ni yale ninayowapa watu tukiwa tumeinama juu ya boneti. Nitatangulia kusema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: injini ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Rejeta, giaboksi, difu na breki ndivyo vitakavyoamua kama utafurahia gari lako au utakuwa mgeni wa gereji kila mwezi.

Kwa nini nisiuze tu nikanunua gari lenye injini kubwa?

Kama bodi imeoza au chasisi imepinda, uza. Lakini kama gari unalijua tangu siku ya kwanza, chasisi ni nzima na ekseli hazivuji, unayo nusu ya gari zuri tayari. Gari jipya kwako litakuja na matatizo yake ambayo bado huyajui.

Nitajuaje Hilux yangu ilitoka kiwandani na injini gani?

Tazama kibati kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, penye maandishi ya modeli. Toyota hutaja familia ya injini kwa herufi za mwanzo. LN ni injini za dizeli za familia ya L, YN ni petroli za familia ya Y, RN ni petroli za familia ya R, RZN ni petroli za familia ya RZ, na KZN ni za 1KZ. LN85 na LN105 zilitoka na 2L yenye cc 2,446. LN106 ilitoka na 3L yenye cc 2,779.

Kisha hakikisha kwenye bloku yenyewe. Gari la miaka 30 huenda lilishabadilishwa injini mara mbili kabla halijafika mikononi mwako, na nimeshaona LN106 iliyokuwa na 2L ndani huku mwenye gari akilalamika kwamba "3L hazina nguvu".

Ni injini zipi kubwa zinazoingia?

Kwa dizeli kuna njia mbili za kweli.

Njia ya kwanza ni kubaki ndani ya familia ya L. 2L, 3L na 5L ni ndugu wa damu. 2L ina silinda za mm 92 na mwendo wa pistoni mm 92; 3L ni 96 kwa 96; 5L ni 99.5 kwa 96, na ujazo wake ni cc 2,986. Kwa nje zinafanana sana. Maunting, yaani vishikio vya injini, zinakaa palepale, giaboksi inashika kwenye bolti zilezile, na waya ni chache. Fundi mzuri anatoa 2L Jumatatu na 3L inanguruma Jumatano.

Njia ya pili ni kuhamia 1KZ, yenye cc 2,982 na turbo. Hii ilifungwa kwenye Hilux Surf, kwenye Prado za miaka ya 1990 na kwenye baadhi ya Hiace. Ujazo wake ni karibu sawa na wa 5L, lakini turbo inaifanya kuwa mnyama mwingine kabisa. 3L inatoa takriban nguvu za farasi 90 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu Nm 188. 1KZ-TE inatoa farasi 125 hadi 145 kutegemea mwaka, na toki inaanzia karibu Nm 287. Ukiwa mlimani, hiyo toki ndiyo unayoisikia mguuni.

Wenye petroli, wale wa 22R au 4Y, mara nyingi huenda kwenye 3RZ ya cc 2,693. Ni injini nzuri na tulivu, lakini kwa mtu wa mizigo anayelala barabarani mimi nashauri dizeli.

"Fundi, kuna jamaa amefunga 1HZ ya Land Cruiser kwenye Hilux. Na mimi nifungie."

Inawezekana, na zipo zinazotembea. Lakini 1HZ ni silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, cc 4,164, ndefu na nzito. Kuiingiza kwenye tundu lililochorwa kwa silinda 4 maana yake ni kusogeza rejeta mbele au kukata ukuta unaotenganisha injini na dereva, au vyote viwili. Uzito wote unaangukia ekseli ya mbele: springi zinalala, usukani unakuwa mgumu, na breki za mbele zinafanya kazi ambayo hazikuumbwa nayo. Na malipo yake? Toki ya 1HZ isiyo na turbo ni karibu Nm 285, yaani kiwango kilekile cha 1KZ ambayo ni fupi na nyepesi. Mwenye haja ya 1HZ anunue Land Cruiser.

Basi nichague ipi, 3L, 5L au 1KZ?

Kama una 2L na kazi yako ni shambani, sokoni na safari moja moja ya mbali, weka 3L au 5L. Nasema hivi nikijua kwamba 1KZ ingenipa fedha zaidi ya ufundi. 3L haina kompyuta, pampu yake inaeleweka na kila fundi kutoka Makambako hadi Mombasa, na ikikuharibikia kijijini utapata mtu wa kuifungua. Tofauti kati ya 2L na 3L kwenye karatasi ni ndogo, ila ukiwa na magunia 10 nyuma utaiona kwenye gia: mlima uliokuwa unapanda na gia ya pili sasa utaupanda na ya tatu.

Kama unapanda milima na mzigo mzito karibu kila siku, au unaishi juu, hapo 1KZ ina sababu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mtu wa Nairobi, ambako ni kama mita 1,800, anaendesha 3L iliyopungukiwa karibu moja ya tano ya nguvu zake bila ya kujua. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa lazima, kwa hiyo hasara hiyo huihisi kidogo sana.

Injini ya Hiace itaingia?

Swali zuri, kwa sababu 3L na 5L nyingi zilizopo sokoni zimetoka kwenye Hiace. Bloku ni ileile. Lakini kwenye Hiace injini inakaa chini ya viti, kwa mkao tofauti, hivyo sampu (bakuli la oili chini ya injini), chujio la kunyonyea oili lililo ndani yake, kijiti cha kupimia oili na mikono ya maunting havilingani na vya Hilux. Vihamishe vyote kutoka kwenye injini yako ya zamani. Ukihamisha sampu ukasahau chujio la ndani, pampu ya oili inaweza kunyonya hewa gari likiinama mlimani, na taa ya oili ndiyo itakayokuambia, ikiwa imechelewa.

Kwenye Hilux ya ekseli nzima pima pia nafasi kati ya sampu na difu ya mbele. Usiridhike na nafasi iliyopo gari likiwa limesimama. Pandisha ekseli kwa jeki mpaka ifikie raba za kuzuia, uone kama bado kuna pumzi.

1KZ-TE ina kompyuta. Je, lazima niichukue?

Herufi E mwishoni inamaanisha pampu yake inaendeshwa kwa umeme. Una njia mbili: uchukue waya zote, kompyuta na sensa zake kutoka gari lilelile, au ubadilishe pampu uweke ya mekanika kama ile ya 1KZ-T.

Hapa kwetu wengi wanabadilisha pampu, na ninawaelewa. Lakini pampu ya mekanika lazima ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kupimia pampu, si kukazwa kwa sikio. Pampu iliyofunguliwa dizeli nyingi kupita kiasi inatoa moshi mweusi na joto kubwa kwenye ekzosi, na joto hilo ndilo linalopasua silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Ukiamua kubaki na kompyuta, nunua nosikati, yaani kipande chote cha mbele cha gari, usinunue injini peke yake. Waya zilizokatwa kwa kisu ili zitoshe kwenye kiroba zitakugharimu kuliko ulichookoa.

Nikague nini ninaponunua injini ya mtumba?

Ziko Ilala, Dar es Salaam, ziko Kirinyaga Road, Nairobi, na wafanyabiashara wetu wengi wanazifuata Japani na Sharjah. Muuzaji atakuambia kila moja ilitembea kidogo. Wewe amini vidole vyako.

Fungua kifuniko cha oili na upitishe kidole upande wa ndani. Ute wa rangi ya maziwa ni maji kwenye oili. Iache hapo hapo. Oili nzito nyeusi iliyoganda kama lami ina maana mwenye gari aliyetangulia hakuwa akibadilisha. Tazama matundu ya maji: kutu nyekundu inayomeguka ni injini iliyokunywa maji ya bomba maisha yake yote, na njia zake za ndani zimeziba kiasi ambacho huwezi kukiona.

Kwenye 1KZ, toa bomba la hewa na ushike mhimili wa turbo kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma, au bapa kugusa nyumba yake, ni turbo iliyokwisha. Silinda hedi ya 1KZ ni ya alumini, na ugonjwa wake unaojulikana ni ufa kati ya valvu. Ufa huo hauonekani kwa nje. Kama muuzaji anakataa usifungue, sharti lako liwe risiti inayoeleza kwamba akibaini fundi wako kuwa hedi imepasuka, injini inarudi.

Kama injini inaweza kuwashwa, iwashe ikiwa baridi. Usikubali uliyoikuta imeshapashwa moto kabla hujafika. Toa kifuniko cha oili ikiwa sailensa, yaani ikiwaka bila kukanyagwa: mvuke mdogo si neno, lakini kama inapumua kwa mapigo hadi kifuniko kinarukaruka, pete za pistoni zimechoka. Kipimo cha kompresheni kinamaliza ubishi. Kwa 2L na 3L, silinda nzima inasoma psi 450 au zaidi, kiwango cha chini kabisa ni 284, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Mimi silinda tatu za 400 na moja ya 300 siinunui, hata kama zote ziko juu ya kiwango cha chini.

Na taimingi belti, puli yake na sili za oili, badilisha injini ikiwa bado chini, hata ukiambiwa ni mpya. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi imewekwa kuwaka kila kilomita 100,000, lakini dashibodi ni ya gari lako, haijui chochote kuhusu injini iliyotoka gari jingine.

Giaboksi niliyonayo itahimili?

Kwa 3L na 5L, ndiyo, ila weka klachi mpya na flaiwili ichongwe. Kwa 1KZ nashauri uchukue injini na giaboksi yake kama kitu kimoja. Giaboksi ya 2L ilitengenezwa kwa toki ya karibu Nm 165. Ukiipa karibu mara mbili yake itavumilia miezi kadhaa, kisha mlio utaanza kwenye gia ya tano na beringi zitafuata. Ukibadilisha giaboksi, jua kwamba kiti chake kinasogea, tundu la liva ya gia linasogea, na propela (mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli) zitahitaji kukatwa au kurefushwa kisha kubalansiwa. Kazi hiyo ya propela iende kwa mtu wa mashine ya kubalansi. Propela iliyochomelewa kwa macho inatikisa gari zima kuanzia kilomita 70 kwa saa na kula krosi, viungo vyake.

Difu nayo inahusikaje?

Hili ndilo swali ninalotamani waniulize mapema zaidi. Difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli, inaamua injini izunguke mara ngapi kwa kila mwendo. Hilux nyingi za dizeli zina difu fupi, yenye namba kubwa, ili injini dhaifu iweze kuvuta. Ukiweka injini yenye nguvu ukaacha difu ileile, gari litaondoka kama mshale, lakini kwenye lami injini itapiga kelele bure.

Tuhesabu. Tairi ya 205R16 inatembea karibu mita 2.3 kwa mzunguko mmoja. Kwenye kilomita 100 kwa saa, inazunguka kama mara 725 kwa dakika. Kwa difu ya 4.56, yaani propela mara 4.56 kwa kila mzunguko wa tairi, na gia ya tano ya 0.85, injini inakwenda mizunguko 2,800. Kwa difu ya 4.10, inakwenda 2,500. 1KZ toki yake kubwa inapatikana karibu na 2,000, kwa hiyo haina sababu ya kukimbia hivyo. Mizunguko 300 unaipuuza ukienda sokoni. Ukienda Dar na kurudi, unaisikia masikioni na kwenye tangi.

Kujua difu uliyonayo si lazima uifungue. Inua tairi moja tu ya nyuma, weka gia huru, piga chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu propela; tairi moja ikiwa hewani, mizunguko yake 2 ni sawa na mmoja wa tairi zote mbili. Ikizunguka mara nne na nusu na kidogo, ni 4.56, ikiwa nne na kidogo tu, ni 4.10. Kwa 4x4, ukibadilisha ya nyuma lazima ubadilishe na ya mbele iwe namba ileile. Difu mbili zisizolingana zitavutana siku utakayoweka gia ya 4x4 kwenye ardhi kavu, na kitu kitavunjika.

Rejeta ya zamani bado nzima. Kwa nini niibadilishe?

Nitajibu kwa kisa. Kati ya 1KZ za mwanzo nilizofunga, moja niliiweka kwenye LN105 ya mzee mmoja wa vitunguu, na nikaiacha rejeta ya 2L kwa sababu ilikuwa safi na haivuji. Tukaijaribu mjini siku mbili, mshale wa joto ukakaa katikati. Siku ya tatu mzee akapakia Ruaha Mbuyuni saa sita mchana, jua la bondeni unalijua, akaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Hakuna upepo, mwendo wa gia ya pili, turbo inafanya kazi muda wote. Katikati ya kona gari likazima lenyewe.

Niliposhika simu aliniambia, "Mwanangu, mshale haukusogea hata kidogo." Na alisema kweli. Maji yalikuwa yameshatoka kwa juu, na sensa ya joto ikabaki ndani ya mvuke. Sensa isiyozama kwenye maji haisomi joto la chuma. Inakaa kimya wakati hedi inaungua. Tulipofungua tulikuta ufa kati ya valvu za silinda ya pili, mwembamba kama unywele. Hedi nyingine nilinunua kwa fedha yangu.

Tangu hapo sifungi 1KZ bila rejeta ya safu tatu, na kava ya feni yake iliyozunguka feni bila pengo. Watu wanatupa ile kava ya plastiki kwa sababu inazuia mkono kufika kwenye belti. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Naongeza pia kengele ya maji, sensa ndogo kwenye tangi la juu inayopiga kelele maji yakipungua, kwa sababu mshale peke yake ulishanidanganya.

Nitoe themostati ili isichemshe?

Usiitoe. Najua kila kijiwe kinashauri hivyo. Themostati ya injini hizi ikiwa moto hufungua njia ya rejeta na wakati huohuo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani bila kufika kwenye rejeta. Asubuhi injini inafanya kazi ikiwa baridi mno na kuchakaa, na mlimani inachemsha vilevile. Weka themostati mpya, ichemshe kwanza kwenye sufuria uone inafunguka, na tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta, si maji matupu.

Breki zitatosha?

Kwa 3L, breki zilezile zikiwa nzima zinatosha. Kwa 1KZ utakuwa unashuka na mzigo kwa mwendo ambao hukuuzoea, kwa hiyo kagua diski, ngoma, silinda za nyuma na paipu zote kabla hata injini haijaingia.

Kuna mambo mawili watu wanayasahau. La kwanza ni pampu ya vakyumu. Injini ya petroli hupata vakyumu (mvuto wa hewa) ya busta, kile kifaa kinachosaidia mguu kwenye breki, kutoka kwenye manifodi ya hewa. Dizeli haina, kwa hiyo kwenye familia ya L Toyota waliweka pampu ndogo nyuma ya alteneta, yenye paipu yake ya oili ya kuingia na ya kurudi. Nimeona gari lililohamishwa kutoka petroli kwenda dizeli likafungiwa alteneta ya petroli "kwa sababu ni mpya". Dereva alipata pedali ngumu kama tofali. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi ikaze, ishikilie, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata vakyumu.

La pili ni ile valvu inayopima mzigo, yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli ya nyuma. Ukiongeza springi au kuinua bodi, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Irekebishe upya.

Umeme je?

Hilux ni volti 12. Baadhi ya injini za Land Cruiser za dizeli zinazotoka Japani ni volti 24, stata, alteneta na plagi za joto zote. Soma kibandiko kabla hujaunganisha.

Itakula mafuta zaidi?

Ukilinganisha 2L na 3L iliyo nzima kwa mzigo uleule, wateja wangu wengi hawaoni tofauti ya maana, kwa sababu 2L ilikuwa inakanyagwa hadi mwisho muda wote. 1KZ inakula kwa jinsi unavyoikanyaga. Kwa Tanzania, ukubwa wa injini haukuongezei tena ada ya mwaka: leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Unalipa kituoni.

Kadi ya gari inahitaji kubadilishwa?

Ndiyo. Kadi inabeba namba ya injini na ujazo wake, na vyote vimebadilika. Tanzania nenda TRA, Kenya ni NTSA, ukiwa na risiti halali ya injini na gari tayari kukaguliwa. Mjulishe na mtu wako wa bima. Piga picha ya namba ya injini kabla haijaingia, kwa sababu ikishafungwa utaitafuta kwa kioo na tochi. Injini isiyo na risiti usiinunue kwa bei yoyote. Huwezi kujua ilitolewa kwenye gari la nani.

Niandae fedha kiasi gani?

Bei zinabadilika kila meli ikitia nanga, kwa hiyo nitakupa kanuni ninayoitumia. Kwa 3L au 5L, chukua bei ya injini uongeze nusu yake. Kwa 1KZ, chukua bei ya injini na giaboksi uizidishe mara mbili: rejeta, ekzosi ya inchi 2.5, propela, klachi, pampu, maunting za kuchomelea, hosi, kulanti na ufundi vitaimaliza. Kama fedha inatosha injini tu, subiri msimu mmoja.

Siku ya kwanza ya kuwasha mnafanyaje?

Oili na kulanti zinajazwa, hewa inatolewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Natoa waya wa kukata mafuta kwenye pampu, kisha mtu anapiga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Hapo oili imeshafika kwenye beringi na kwenye turbo kabla moto haujawaka. Ndipo narudisha waya.

Kijana mmoja anasimama kwenye mdomo wa hewa na kipande cha ubao bapa mkononi. Turbo yenye sili mbovu inaweza kuilisha injini oili yake yenyewe, na dizeli ikianza kukimbia hivyo, swichi haiizimi. Inazimwa kwa kuinyima hewa. Ubao huo umetumika mara moja tu tangu nianze kazi hii, lakini bado kijana anasimama nao kila tunapowasha.

Inawaka, tunaiacha sailensa hadi feni ya rejeta ishike, huku tunatazama kila hosi. Kisha tunaiendesha hadi Ipogolo, hapa Iringa, na kurudi, bila mzigo, na bolti za maunting na manifodi zinakazwa tena zikiwa zimepoa. Baada ya kilomita 1,000 oili inamwagwa na gari linarudi tena kukazwa.

Na injini yangu ya zamani nifanyie nini?

Ihifadhi msimu mmoja wa mvua. Funika matundu yote kwa matambara safi na mkanda, mwaga oili kidogo ndani ya kila silinda, iweke juu ya mbao, si sakafuni. Alteneta yake, stata yake na pampu yake ya vakyumu vinaweza kukuokoa usiku mmoja mbali na mji. Ikifika kiangazi na injini mpya haijakusumbua, niletee, kuna watu wa LN85 wanaoitafuta.